Beit el Mtoni: nyumba ya shamba iliyokua chumba kwa chumba

SWALI: Mwaka huu niliwapeleka wanafunzi wangu kutazama magofu ya Beit el Mtoni, Unguja. Tuliambiwa kwamba hapo ndipo palipokuwa kasri la kwanza la Sultani, lakini tulichokiona hakikufanana na kasri, wala hakikufanana na nyumba za Mji Mkongwe: ua mpana mno, kuta zinazokwenda huku na huku bila mpango, na mabaki ya mabafu. Naomba kujua, jengo lile ni la Kiarabu au la Kiswahili? Je, ni kweli kwamba moto ndio ulioliangusha? Na kwa nini lisijengwe upya? (Mwalimu wa historia, Tanga)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako hawakukosea. Kuta zile kweli hazikufuata mpango mmoja, na anayetuthibitishia jambo hilo ni mtu aliyezaliwa ndani yake. Nitamfikia baada ya muda mfupi. Kwanza tuliweke sawa neno “kasri”, kwa sababu ndilo linalomfanya mgeni atafute pale kitu ambacho hakikuwapo.

Waongozaji wa wageni huliita kasri kwa kuwa aliyelijenga alikuwa mtawala, na pengine kwa kuwa neno lenyewe linauza. Waliokaa humo waliliita beit, yaani nyumba: nyumba ya Mtoni, kwa jina la kijito kinachoshuka kutoka ndani ya kisiwa na kuingia baharini papo hapo. Ni kweli kwamba hata majumba ya kifalme ya mjini yaliitwa beit, kama Beit el Sahel na Beit el Ajaib, kwa hiyo sitaki kulitegemea jina peke yake. Lakini Mzanzibari hadi leo hugawa kisiwa chake sehemu mbili, mjini na shamba, na akisema anakwenda shamba si lazima awe anakwenda kulima. Anamaanisha kwamba anatoka mjini. Matajiri wa karne ya 19 walikuwa na nyumba mbili kwa sababu hiyo hiyo: moja mjini, karibu na forodha, baraza na majirani, na nyingine shamba, penye maji, miti, hewa na mavuno. Beit el Mtoni ilikuwa nyumba ya shamba ya mtu mkubwa kuliko wote. Ukiitazama hivyo, ule ua mpana unaanza kuwa na maana.

Shamba lenyewe lilikuwapo kabla ya nyumba. Lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, Mwarabu mfanyabiashara ambaye anatajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuotesha mikarafuu Unguja. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipofika kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1828, aliyataifisha mashamba ya Saleh, likiwamo hilo la Mtoni na lile la Kizimbani, na muda mfupi baadaye ujenzi wa nyumba ukaanza. Katika miaka ya 1830 alizidi kuhamishia makao yake Unguja, akahimiza karafuu kwa agizo linalojulikana sana, kwamba kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Watumwa pia walibeba mawe ya nyumba na kuchoma chokaa yake, na mtu anayeisifia Mtoni bila kulitaja hilo anaisimulia nusu.

Sasa tuje kwa shahidi wetu. Mwaka 1844 alizaliwa Mtoni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said na suria wa Kicherkasi, kabila la milima ya Kaukasi, aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kwa sisi tunaoshughulika na majengo, kumbukumbu hizo ni hazina, kwani ni nadra kupata nyumba ya pwani ya wakati ule iliyoelezwa na mtu aliyecheza ndani yake akiwa mtoto. Naye haipambi. Anasema wazi kwamba majengo yaliongezwa moja baada ya jingine kadiri mahitaji yalivyotokea, na kwamba matokeo yake, pamoja na vijia na varanda zisizohesabika, yalikuwa mabaya kuliko mazuri. Anakadiria kwamba watu wa nyumba hiyo, pamoja na watumishi na watumwa, walifikia kama elfu moja. Baba yake alikaa huko siku nne za juma pamoja na mke wake mkuu, Bibi Azza bint Seif, na siku tatu zilizobaki alikuwa mjini Beit el Sahel.

Hapo ndipo penye jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Nyumba ya Mji Mkongwe imebanwa na jirani pande tatu, kwa hiyo familia ikikua inapanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na ua wake unabaki kama kisima cha hewa na mwanga katikati. Mtoni hapakuwa na jirani. Familia ilipokua, na familia ya Seyyid Said ilikua kweli kweli, chumba kipya kilijengwa pembeni mwa kile cha zamani, kisha kingine pembeni mwa hicho, huku ua ukiachwa katikati kama uwanja wa kijiji. Ndani ya ua huo, anasimulia Salme, walitembea paa, tausi, mbuni, korongo, bata na mabata bukini, nao watoto wakiwachokoza. Wanyama wa namna hiyo hawafugwi katika ua wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe.

Kuna sababu nyingine ya kuta kwenda vile zilivyokwenda, na hii naomba uwaoneshe wanafunzi siku mtakaporudi. Tafuteni ukuta wenye safu ya matundu, yamepangwa kwa usawa, karibu karibu, kwa urefu wa kimo cha watu wawili hivi. Hayo ni matundu ya boriti. Sakafu ya ghorofa na paa vilibebwa na boriti za mikoko, zilizokatwa katika mikoko ya pwani kama ile ya delta ya Rufiji na ya Lamu, na boriti ya mkoko hata ikiwa nzuri namna gani haiwezi kubeba uzito wa sakafu ya mawe na chokaa ikivuka zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo fundi wa pwani hakuwa na uhuru wa kuchagua upana wa chumba. Aliyeuchagua ni mkoko. Urefu alikuwa nao huru, upana hakuwa nao. Ndiyo maana vyumba vyote vya zamani, tangu Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana mtu anayetaka nyumba kubwa hakujenga vyumba vikubwa bali alijenga vyumba vingi, akavifunga kwa ujia. Ule msongamano wa kuta uliowachanganya wanafunzi wako ni hesabu ya boriti, imerudiwa mara nyingi sana.

Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba, na zikapimia vyumba vya huko kipimo kile kile. Nalitaja hili kwa sababu linagusa moja kwa moja swali lako la pili, kama nyumba ni ya Kiarabu au ya Kiswahili. Swali hilo huulizwa kana kwamba mitindo hiyo miwili ilitengana, kisha siku moja ikakutana Mtoni. Haikuwa hivyo. Ujenzi wa mawe ya matumbawe na chokaa ni wa watu wa pwani hii tangu zamani sana. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, kusini ya kisiwa hicho hicho, ni ya mwaka 1107, zaidi ya miaka mia saba kabla ya Seyyid Said kutia mguu Unguja. Kwa hiyo maada na mkono wa fundi ni vya pwani, ilhali desturi ya maisha ndani ya nyumba, mgawanyo wa sehemu ya bwana na ya wanawake, na kule kupenda kuta tupu upande wa nje, ni vya mwenye nyumba aliyetoka Muscat, ingawa Mswahili muungwana wa Lamu asingeona ugeni mkubwa humo. Nikilazimishwa kutoa hukumu, nitasema kwamba ni nyumba ya Mwomani iliyojengwa kwa Kiswahili.

Mabafu yana habari yake. Mabafu ya kawaida yalikuwa mwisho wa ua, yapata dazeni moja kwa hesabu ya Salme, mbali kiasi kwamba siku ya mvua mtu hakuweza kuyafikia bila mwavuli. Mbele yao kulikuwa na hamamu la Kiajemi, yaani la mvuke, ambalo anasema ujenzi wake haukuwa na mfano Unguja nzima. Kiungo kati ya Seyyid Said na Uajemi hakikuwa cha mapambo tu, kwani alioa mke wa Kiajemi, na hamamu la Kidichi, katikati ya kisiwa, lenye mapambo ya chokaa iliyochongwa maua na ndege, lilijengwa kwa ajili yake. Lakini kilichowezesha mabafu ya Mtoni ni kile kijito. Mjini maji yalitekwa visimani na kubebwa vichwani; maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu yalifika baadaye sana, kwa kazi ya Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said aliyekuja kuwa Sultani. Mtoni maji yalipita yenyewe, yakaongozwa kwenye mabirika, yakatoka upande wa pili kuingia baharini. Katika nyumba ya watu elfu, wanaotawadha mara tano kwa siku na kuoga katika joto letu, mahali pa kujenga palichaguliwa na maji, na sidhani kama mandhari ya bahari yalikuwa zaidi ya nyongeza njema. Kando ya mabafu ilikuwapo michungwa mirefu, ambayo watoto waliipanda kujificha wakimkimbia mwalimu wao mkali; samahani, Mwalimu, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kitu kimoja ambacho hamkukiona, kwa sababu kilikuwa cha mbao na kimetoweka kabisa, ni bendjile. Hilo ndilo jina alilolitumia Salme kwa banda la duara, kama mnara mfupi, lililosimama mbele ya sehemu ya baba yake kuelekea baharini: mbao tupu, sakafu, dari na kingo zake zikiwa zimepakwa rangi, ndani yake viti vya henzirani na darubini kubwa. Hapo ndipo Seyyid Said alipokunywa kahawa na Bibi Azza na watoto wake wakubwa, na hapo ndipo alipotembea peke yake kwenda na kurudi kwa saa nyingi, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi la vitani. Kwa mtu ambaye ufalme wake uligawanywa na bahari, sehemu moja Oman na nyingine Afrika, na ambaye habari za mapato yake zote zilikuja kwa meli, banda lile lilikuwa ofisi. Ukisimama ufukweni leo ukatazama njia ya vyombo vinavyoingia bandarini, utaelewa kwa nini lilijengwa upande ule na si upande wa bustani.

Sasa moto. Moto ulikuwapo, mwaka 1914, na katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia kilichosalia kilitumiwa kama ghala. Baadaye sehemu ya eneo ikageuzwa kuwa ya matangi ya mafuta. Lakini kusema kwamba moto ndio ulioiua Mtoni ni kumsingizia. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akisafiri kutoka Muscat kurudi Unguja, na baada yake hakuna mtawala aliyeifanya Mtoni kuwa makao yake. Waliomfuata walijenga kwao kwingine. Mwaka 1885 Salme alirudi kuitembelea Unguja, akaenda kuitazama nyumba aliyozaliwa, na alichokikuta ni gofu: ngazi moja imetoweka kabisa, ya pili imemezwa na majani na haipandiki, zaidi ya nusu ya nyumba imekuwa rundo la mawe, mabafu yamepoteza mapaa. Hiyo ni miaka 29 baada ya kifo cha baba yake na miaka 29 kabla ya moto. Moto ulikuta maiti.

Kwa nini nyumba yenye kuta nene namna ile ianguke katika muda wa kizazi kimoja? Hapa ndipo inapobidi niingie katika uashi, maana ndio kazi yangu. Ukuta wa pwani si jiwe moja gumu. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe yaliyochaguliwa, na katikati umejazwa vipande vidogo, chokaa na udongo. Nyuso hizo hulindwa na lipu ya chokaa, na sehemu ya juu ya ukuta hulindwa na paa. Paa lilikuwa sakafu bapa: juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, juu ya mawe ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, kisha vibarua wakasimama mstari wakaupiga kwa magongo siku baada ya siku, huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka ukashikana na kuwa mgumu. Paa la namna hiyo linafaa sana Muscat, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Sakafu ya juu ikipata ufa mwembamba kama uzi, na hupata kila mwaka kwa jua na unyevu, inatakiwa mtu apande kabla ya masika, aufute, auzibe kwa chokaa. Nyumba yenye watu elfu haikosi mtu wa kupanda. Nyumba iliyohamwa humkosa, na masika ya kwanza maji hupita kwenye ufa hadi kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo hakuna jua wala hewa ya kuikausha. Boriti huoza kuanzia hapo. Katikati ya chumba utaiona nzima, nyekundu, ngumu kama chuma, kumbe ncha yake imekuwa unga. Siku inapoachia, sakafu nzima hushuka na kuufungua ukuta juu, mvua ikaanza kuosha ule udongo wa katikati, na nyuso mbili za ukuta zikaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Tazameni tena yale matundu ya boriti: mengi yamepanuka upande wa chini, mahali maji yalipotiririka.

Nyumba nyingi za mjini za umri ule zimesimama kwa sababu hazikuhamwa, na kwa sababu nyingi zilivishwa mabati ya mgongo juu ya ile sakafu bapa. Mabati hayapendezi machoni mwa mpiga picha, lakini yameokoa majumba mengi kuliko sheria yoyote.

Watu huichanganya Mtoni na Maruhubi, iliyo jirani yake upande wa mjini, nayo pia ni gofu la pwani lenye mabafu. Ile ni habari nyingine. Seyyid Barghash aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa mpango mmoja, na zile nguzo nene zilizosimama peke yake leo zilibeba roshani pana ya mbao. Iliteketea mwaka 1899, na huko kweli moto ndio muuaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya juu ilikuwa mbao. Na kama mtapata nafasi ya kufika Dunga, katikati ya kisiwa, mtaona nyumba ya shamba ya tatu, ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, iliyojengwa wakati Seyyid Said angali hai. Ngoma na siwa za utawala, yaani pembe kubwa za kupuliza, zilihifadhiwa huko. Nayo iliachwa baada ya ukoo kukatika mwaka 1873. Binafsi naiona Dunga kuwa na mambo mengi ya kumfunza mwanafunzi kuliko Maruhubi, lakini mabasi ya watalii hayafikiri hivyo.

Limebaki la kuijenga upya. Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, kwa nia njema, na jibu langu ni hapana. Tukiijenga, tutaijenga ipi? Ile ya 1832, au ya 1844 alipozaliwa Salme, au ya 1856? Nyumba hii haikuwahi kukamilika hata siku moja, kwa hiyo hakuna sura yake moja ya kuirudia, na kila ukuta tutakaounyanyua utafunika ushahidi wa namna ulivyoongezwa. Zaidi ya hayo, mjenzi wa leo atatumia saruji, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe ni balaa: haipumui, huzuia unyevu na chumvi ya bahari ndani ya ukuta, na baada ya miaka michache hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Mahali popote pwani utakapoona ukuta wa zamani umepigwa lipu ya kijivu na chini yake unamwaga mchanga, ndicho kinachotokea.

Kazi inayofaa pale ni ndogo na ya kila mwaka. Sehemu za juu za kuta zifunikwe kwa tabaka la chokaa na kokoto lenye mteremko, ili mvua isisimame juu ya ile jazo la katikati. Viungo vilivyo wazi vijazwe kwa chokaa iliyolowekwa miezi kadhaa na mchanga uliooshwa, si mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Mitini inayoota juu ya kuta ikatwe ingali miche, kwa kisu, kwa sababu ukingoja mzizi wake uingie kati ya nyuso mbili, kuung’oa ni kuubomoa ukuta wenyewe. Ukirudi Mtoni na wanafunzi kabla ya masika, angalieni juu ya kuta za upande wa bahari muihesabu miche hiyo. Mkirudi tena baada ya Vuli mtaona ni ipi iliyokatwa na ni ipi iliyoachwa.